Kisa cha igizo la Kawawa: tulipotunga sini za filamu ambayo hatujaiona

Kabla ya yote

Kisa hiki ni cha kweli, kilitokea miaka kadhaa nyuma kwenye sekondari moja ya huku kusini mwa Tanzania. Jina la shule nimelitoa, wilaya nimeitoa, na watu nimewapa herufi tu. Rashidi Kawawa nimemuacha na jina lake maana yeye ni mtu wa historia, aliwahi kuwa Waziri Mkuu, na bila yeye kisa chenyewe hakipo. Nakiandika kwa walimu wenzangu wanaolea klabu za sanaa, na kwa yeyote anayetaka kumpandisha jukwaani mtu aliyewahi kuishi kweli, kwa sababu sisi tulikosea pale ambapo tulidhani ndio penye raha zaidi.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha historia na ndiye mlezi wa klabu, kwahiyo mengi ya makosa utakayoyasoma hapa ni yangu, watoto waliandika lakini mtu mzima pale nilikuwa mimi.

Usuli

Klabu ilikuwa na wanafunzi kama ishirini, wengi kidato cha pili na cha tatu. Kila mwaka siku ya wazazi tulikuwa tunatoa igizo na miaka mitatu mfululizo lilikuwa lilelile, binti anakatishwa masomo aolewe, baba mlevi, mjomba mwenye busara, mwisho anakuja polisi na kofia ya kuazima. Wazazi walishalijua mpaka wanamtangulia mhusika kusema maneno yake. Mkuu wa shule akasema mwaka huu leteni kitu cha historia ya huku kwetu, na watu wa kusini ukisema historia akili inakimbilia Majimaji, lakini Majimaji nayo kila shule inaicheza na kila mwaka Kinjeketile ni mtoto mrefu kuliko wenzie.

Ndipo kijana mmoja wa kidato cha tatu, nimwite K, akanifuata ofisini. "Ticha, hivi unajua Kawawa alikuwa staa wa muvi?" Nikamwambia najua. Kwakweli nilikuwa najua sentensi moja tu, ile inayorudiwa kila mahali, kwamba mzee aliwahi kucheza filamu inaitwa Muhogo Mchungu enzi za mkoloni. Basi. Lakini ile sentensi moja ilitosha kutuwasha moto.

Kwa wasiomfahamu vizuri, maana vijana wengi wanamjua kama jina la barabara tu: Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa mwaka 1926 upande wa Songea, akasoma mpaka sekondari ya serikali ya Tabora, shule ileile aliyopita Nyerere miaka ya nyuma yake. Akaingia kazi serikalini, na baadaye akawa mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii. Huko ndiko filamu ilikomkuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilikubaliana na kampuni moja ya Johannesburg, African Film Productions, watengeneze filamu za hadithi kwa Kiswahili, wachezaji Waafrika, ziwalenge watazamaji Waafrika. Muhogo Mchungu ikawa mojawapo na Kawawa ndiye akawa mhusika mkuu. Nyingine iliitwa Chalo Amerudi.

Sasa hapa ndipo penye utamu na nitakaa kidogo. Ukisikia kiongozi wa zama za ukoloni aliyekuwa mwigizaji wa ridhaa, picha inayokuja ni ya Mzungu wa klabu. Na walikuwepo kweli, Dar es Salaam kundi la maigizo la Players lilianzishwa 1947 na Nairobi jumba la Kenya National Theatre likafunguliwa 1952, bwana mchana yuko ofisini na kamati zake, jioni anapaka poda anacheza komedi ya London mbele ya wenzake walewale aliokuwa nao mchana. Ile ni starehe. Ya Kawawa ilikuwa kitu kingine kabisa. Yeye hakuwa anatoroka kazi akaigize, kule kuigiza kulikuwa kunatokea mlangoni kwa kazi yake, maana watu wa ustawi wa jamii ndio walikuwa wanahangaika na elimu ya watu wazima, majumba ya jumuiya na mambo ya kukusanya watu waelezwe jambo. Ni karani aliyekopeshwa kwenye kamera. Hakuwa msanii wa kulipwa anayeishi kwa sanaa, na hakuwa bwana wa klabu.

Na serikali nayo haikuwa inafanya hisani. Tangu 1935 mpaka 1937 kulikuwa na mradi wa majaribio pale Vugiri, milima ya Usambara, wa kutengeneza filamu za kufundishia Waafrika, zikatoka filamu 35. Ilipofika miaka ya 1950 watu mjini wanakwenda majumba ya sinema ya Avalon na Empire, wanaangalia muvi za Kihindi na za makauboi, serikali ina bodi yake ya kukagua nini kionwe na nani, na bado inaona Mwafrika anajifunza dunia kwenye kitambaa cheupe bila ruhusa yake. Kwahiyo filamu za Kiswahili zilikuwa na shabaha. Hili watoto hawakulijua, na mimi sikuwaambia mapema.

Kilichotokea, kwa mfuatano

Tulikuwa na wiki nane. K na binti mmoja, nimwite R, wakapewa kazi ya kuandika skripti. Wiki ya pili wakaleta kurasa kumi na nne za daftari zilizoandikwa kwa kalamu tatu tofauti. Nilisoma nikacheka mpaka mwalimu wa jirani akauliza kuna nini. Igizo lilikuwa na vipande vitatu: Kawawa anapiga picha ya muvi, Kawawa anahutubia wafanyakazi, Kawawa anakuwa Waziri Mkuu.

Kipande cha kwanza ndicho kilikuwa kirefu kuliko vyote, zaidi ya nusu ya igizo. Wametunga mwongozaji Kaburu anayepayuka Kiswahili kibovu, wametunga Kawawa anayeanguka chini anaramba muhogo na kukunja sura, wametunga mke anayempiga na mwiko, yaani wametunga filamu nzima. Nikauliza hii mmeipata wapi. K akajibu bila aibu, "Ticha jina lenyewe si linajieleza? Muhogo mchungu." Nikasema sawa. Hilo sawa langu ndilo kosa la kwanza la kisa hiki na ndilo kubwa.

Kulikuwa na mengine madogo ambayo niliyaona nikayasahihisha kwa kalamu nyekundu nikajiona nimemaliza kazi. Walimuweka Kawawa kwenye mkutano wa tarehe 7 Julai 1954 wa kuanzisha TANU, amekaa pembeni ya Nyerere. Hakuwa mmoja wa wale waasisi 17, na asingeweza kirahisi, alikuwa mtumishi wa serikali na watumishi walikuwa wamekatazwa kujiunga na chama cha siasa. Walimuita Waziri Mkuu wa Tanzania mwaka 1962 wakati Tanzania ilikuwa bado haijazaliwa, ilikuwa Tanganyika. Na kwenye muvi ya ukoloni walimvika shati la kijani la chama.

Wiki ya nne mazoezi yamekolea. K ndiye alikuwa Kawawa, na kijana ana kipaji, akianguka pale chini na muhogo wake hata wapishi walikuwa wanaacha masufuria kuja kuangalia. Shule ikachapisha mabango, juu yake kumeandikwa kwa herufi kubwa KAWAWA: STAA WA KWANZA WA BONGO MUVI. Hela ya mabango ilitoka kwenye michango ya klabu, na ilikuwa karibu nusu ya kila tulichokuwa nacho.

Wiki ya saba, siku kumi kabla ya siku ya wazazi, tukafanya zoezi la mwisho la nguo. Mwalimu mwenzangu, nimwite Madam S, ndiye alikuwa na wazo tuite wazee wa kijiji waangalie kwanza. Walikuja saba. Mmoja wao, Mzee H, alikuwa anakaribia miaka 80, amekaa mbele kabisa na fimbo yake katikati ya miguu.

Sini ya muhogo ikaanza, wanafunzi wakaangua kicheko, wazee wawili watatu nao wakacheka. Mzee H hakucheka. Dakika kama tano hivi akasimama, taratibu, K akanyamaza katikati ya sentensi maana huku kwetu mzee akisimama unanyamaza.

"Wajukuu zangu, hii sinema mmeiona wapi?"

Hakuna aliyejibu. K akanitazama mimi.

"Naona mnacheka. Mimi sijakataza kucheka. Nauliza mmeiona wapi?"

Nikasimama nikamwambia ukweli, babu hatujaiona, watoto wametunga. Akatikisa kichwa, hakukasirika, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akasema yule mnayemuangusha hapo chini mimi namjua kwa jambo jingine. Halafu akaeleza, na nitafupisha maana alizungumza muda mrefu: alitoka huku akiwa kijana akachukuliwa na SILABU, ofisi ya kutafutia mashamba ya mkonge vibarua, kwenda kukata mkonge Tanga, wakati huo huku kusini ndio ilikuwa hivyo, vijana wanakwenda manamba. Huko shambani ndiko alikolisikia jina la Kawawa kwa mara ya kwanza, kwenye habari za chama cha wafanyakazi. Kuna mtu amesimama Dar es Salaam anawasemea wafanyakazi na Wazungu wanalazimika kumsikiliza. "Sisi hatukujua kama alicheza sinema. Nyie mnajua sinema, hamjui kilichobaki."

Nilidhani amemaliza. Akageuka tena kabla hajakaa. "Na kama mtamsifu kwa vyama, basi semeni na ile sheria ya kugoma. Tulikuwa tunagoma. Akawa mkubwa yeye, ikaja sheria."

Akakaa. Zoezi likaishia pale.

Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

Jioni ileile tulikaa mimi, Madam S, K, R na viongozi wa klabu. Mkuu wa shule alipita akasema kama kuna utata rudisheni lile la binti na baba mlevi, watu watakula pilau wataondoka. Na ushauri wake haukuwa wa kijinga, siku kumi ni chache. Tulikataa kwa sababu moja tu, Mzee H hakuwa amesema tusicheze, alikuwa amesema hatujui kilichobaki. Kuacha ingekuwa ni kununa.

La pili lilikuwa sini ya filamu, na hapa tulibishana kweli. K alikuwa analia, si kwa machozi, kwa sauti. Hoja yake: igizo ni kutunga, Kinjeketile wa jukwaani naye si katungiwa maneno? Ni hoja nzuri na sikuwa na jibu la haraka. R ndiye aliyejibu, binti mkimya kuliko wote. Alisema Kinjeketile tunatunga alichosema maana hakuna aliyerekodi, lakini muvi ni kitu kilichotengenezwa, kilikuwepo, watu walikaa wakakiangalia, sisi tukitunga kingine tukakipa jina lile tunakuwa tumemwekea mtu kazi ambayo hakuifanya. Mimi na digrii yangu sikuwa nimeliona hivyo.

Basi tukaamua ndani ya filamu hatuingii kabisa. Tutaonesha nje yake. Karani yuko mezani na mafaili, anaitwa, anaambiwa utaigiza. Halafu kitambaa cheupe, shuka mbili za bweni zimeshonwa pamoja, na watu wamekaa chini wametugeuzia mgongo wanaangalia kitu ambacho wazazi hawakioni. Wazazi wanaona migongo, wanasikia vicheko, na pembeni amesimama kijana aliyevaa shati jeupe na kaptula anawaangalia wale wanaomuangalia. Maneno hakuna.

La tatu, kiini cha igizo kihame kiende kwenye miaka ya 1955 na 1956. Nililazimika kukaa na vitabu usiku mbili, kitu ambacho nilitakiwa kukifanya wiki ya kwanza. Nilichowapa watoto ni hiki: mtumishi wa serikali alikatazwa siasa, lakini chama cha watumishi wenyewe, TAGSA, kiliruhusiwa, na Kawawa akapanda humo mpaka akawa rais wake. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vikaungana ikazaliwa TFL, Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, yeye akawa katibu mkuu, na mwaka 1956 akaacha kazi ya serikali. Kabla ya hapo serikali hiyohiyo ilishamtuma magharibi mwa Tanganyika kufanya kazi kati ya Wakikuyu waliowekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau vya Kenya. Mwaka 1957 akaingia Legco, baraza la kutunga sheria la enzi za mkoloni. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar wanagoma na watu wanasusa kunywa bia kuwaunga mkono. Ukiiangalia njia hiyo unaona mtu ambaye kila mara anasimama sehemu aliyoruhusiwa kusimama halafu anaitanua. Hapo sasa filamu inapata mahali pake, ni mara ya kwanza serikali inamsimamisha mbele ya watu na kuwaambia muangalieni.

La nne lilikuwa gumu kuliko yote, ile sheria. Tarehe 22 Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu akaenda kujenga chama, Kawawa akashika nafasi mpaka Jamhuri ilipotangazwa Desemba 9 mwaka huohuo. Na ni ndani ya mwaka huo ndio zilipita sheria za kubana migomo, mgogoro lazima upitie kwenye usuluhishi kwanza, na watumishi wengi wa serikali wakatolewa kwenye vyama vya wafanyakazi. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi nayo ni ya 1962. Mwaka 1964 baada ya maasi ya jeshi ya Januari viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi wakakamatwa, TFL ikavunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote. Mtu aliyeijenga TFL alikuwa ndani ya serikali iliyoifunga.

Mkuu wa shule aliposikia tunaiweka akashika kichwa. Alikuwa anaogopa siku ya wazazi atakuja diwani, atakuja mtu wa wilaya, halafu watoto wa shule wanamkosoa mwasisi. Tukamuomba asome ile sini kwanza. Ilikuwa na mistari sita. Mfanyakazi wa mkonge anaingia ofisini, anamkuta mtu yuleyule wa shati jeupe sasa amevaa suti, anamuuliza mzee na sisi je. Mwenye suti anasema nchi ni changa, tukigoma kila mtu hatutafika. Mfanyakazi anasema wewe ndiye uliyetufundisha kugoma. Taa zinazimwa. Hakuna anayeshinda. Mkuu alisoma mara mbili akasema haya, ila yule mwenye suti apewe sentensi moja zaidi. Tukampa, na nadhani alikuwa sahihi, upande wa serikali kweli ulikuwa umepungukiwa maneno.

La mwisho, mabango. Tulikuwa na mabango mengi ya staa wa bongo muvi. Tukayageuza tukaandika upande wa pili kwa mkono. Karatasi ilikuwa nyepesi, herufi za nyuma zinaonekana, ilikuwa aibu ndogo ya kudumu wiki nzima.

Matokeo

Igizo lililokuwa dakika 40 likawa 25. Wanafunzi wawili wa klabu walijitoa, mmoja ndiye aliyekuwa mke wa mwiko, na siwalaumu, sehemu zao ziliyeyuka siku kumi kabla. K alibaki lakini wiki ile alikuwa ananisalimia kwa mbali.

Siku yenyewe sini ya kitambaa ilianza vibaya. Wazazi hawakuelewa, kuna mama mmoja akasema kwa sauti "mbona wametupa mgongo hawa", watu wakacheka. Halafu ukimya ukaingia wenyewe. K amesimama pale pembeni, hasemi, anaangalia watu wanavyomwangalia yeye aliyeko kwenye kitambaa, na ghafla uwanja mzima ukawa umeelewa kitu ambacho sidhani ningeweza kukifundisha darasani kwa vipindi vinne. Yule kijana aliyekuwa anachekesha na muhogo, hapa alisimama tu.

Sini ya mkonge nayo ilikwenda, diwani alipiga makofi kama wengine, hakuna aliyeitwa ofisini. Mzee H alikuwepo. Baada ya igizo tulimfuata, K akamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba." Tukasubiri sifa. Akasema mkonge hamkuubeba vizuri, fungu halikai begani hivyo, litakuchoma shingo. Akamuonesha K kwa kutumia fimbo yake. Hilo ndilo neno pekee tulilopata kutoka kwake kuhusu igizo.

Uchambuzi: nini kilifanya kazi, nini kilifeli

Nianze na kilichofeli maana ndicho kingi. Kwanza tulichagua mtu kwa sababu ya kichekesho chake, waziri mkuu aliyecheza muvi, na ukishamchagua mtu hivyo kila kitu kingine kinakuwa mapambo ya kichekesho. Angalia skripti ya kwanza, TFL ilikuwa na kurasa mbili. Mtu aliyeongoza wafanyakazi wa nchi nzima amepewa kurasa mbili, muhogo umepewa kurasa nane.

Pili, mimi nilisahihisha tarehe nikaacha uongo mkubwa upite. Hili nimelifikiria sana. Kosa la tarehe linaonekana kama kosa, lina namba, unalipigia mstari. Sini nzima ya kutunga haionekani kama kosa kwa sababu inachekesha na imekaa vizuri, na watu wameshaanza kuipenda. Shati la kijani nililiona siku ya kwanza. Filamu nzima ya bandia sikuiona mpaka mzee aliposimama.

Tatu, wazee waliitwa wiki ya saba. Kama Mzee H angeitwa wiki ya kwanza tusingepoteza hela ya mabango na wale wanafunzi wawili wasingeondoka. Lakini hapa nakiri nina mashaka kidogo na hekima yangu mwenyewe, maana wiki ya kwanza tungemuuliza nini? Tungemuuliza kama anakumbuka muvi, angesema hapana, tungemshukuru tukampa soda. Kuna kitu kwenye kuona kosa likicheza mbele yake kilichomfanya aseme. Labda jibu ni kuwaonesha wazee skripti mbichi mapema, hata ya kurasa tatu, waikasirikie wakati bado ni bei rahisi.

Kilichofanya kazi ni kuacha tundu. Tulipokubali kwamba filamu yenyewe hatuiingii, ndipo uigizaji wa Kawawa ulipopata uzito. Nilikuwa nauona kama kituko cha pembeni, kumbe ukiuweka mahali pake unaelezea mengi. Serikali ya mkoloni ilimtaka Mwafrika anayeongea Kiswahili ambacho watu watakisikiliza, anayeweza kusimama mbele ya wengi bila kutetemeka, na mtumishi wake mwenyewe, anayeaminika. Miaka michache mbele sifa hizohizo zinasimama upande wa pili wa meza. Na mwaka 1967, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, Kawawa huyohuyo ndiye alitangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mimi sisemi filamu ndiyo ilimpeleka huko, huo utakuwa muhogo mwingine wa kutunga. Nasema tu kwamba R alipoliona hilo kwenye notisi zangu alitaka tuliongeze mwishoni, na tulilikataa kwa sababu dakika zilikwisha, na mpaka leo naona tulikosea kulikataa.

Kuhusu sini ya sheria ya 1962, wenzangu wawili waliosoma kisa hiki walisema ilikuwa hatari kwa watoto wa shule. Naelewa. Kilichotuokoa ni kwamba kila upande ulipewa sentensi za kujitetea na hakuna msimulizi aliyekuja kusema nani alikuwa sahihi. Tungemuweka msimulizi, tungekuwa tumehukumu. Na chanzo cha swali lilikuwa ni mtu mwenye haki ya kuliuliza, mkata mkonge, si mwalimu wa historia anayetafuta umaarufu.

Kuna la K pia. Nilimnyima kijana kitu alichokuwa anakifanya vizuri kuliko wote, siku kumi kabla, mbele ya wenzake. Uamuzi ulikuwa sahihi lakini namna ya kumwambia haikuwa, nilimwambia kwenye kikao badala ya kumuita pembeni. Alikuja kunisamehe muhula uliofuata, kwa njia yake, alileta skripti mpya mezani kwangu bila kusema kitu.

Ilikuwa kwenye daftari kubwa, ukurasa umegawanywa kwa rula, kushoto maneno ya wahusika, kulia safu nyembamba ameandika kwa penseli "tumeipata wapi". Karibu kila mstari una kitu pale kulia, kitabu cha kidato cha tatu, babu yake, mwalimu wa uraia. Sehemu mbili safu ilikuwa tupu, na pale tupu upande wa kushoto napo hakuandika neno.